Kasi ya Nane

Siku ya tatu ya matanga ya Fundi Lali, binti yake Zuhura alinishika mkono, akanitoa ukumbini walikokaa wanawake, akaniingiza chumbani kwa marehemu na kunisogezea sanduku la viatu lililojaa CD za zamani alizozikusanya, tulipohamia huku, kwa jamaa waliopelekewa. Hapa Mombasa hakuna anayezisikiliza tena; wajukuu walikuwa wameanza kuzitundika dirishani kufukuza kunguru. Kila moja ilikuwa na jina la kisiwa na namba, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa: Ngumi, nane. Koyama, kumi na sita. Chula, nane. "Dada Mwanaheri," Zuhura akaniuliza, "hizi namba ni za nini? Tumedhani ni za nyumba, tumedhani ni za simu. Baba hakupata kutwambia." Nikamwambia ni kasi. "Kasi ya nini?" Nikakaa juu ya kitanda cha marehemu mpaka akaniletea maji. Sikumjibu siku ile. Jibu lenyewe lina urefu wa mwaka mzima, na ndani yake mna kosa langu ambalo baba yake alilijua na hakumtajia mtu mpaka anaingia kaburini.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nimerudi Kismayu, kusini mwa Somalia. Vita vilipoanza tulikimbilia Kenya, tukakaa kambini, kisha kambi ikafungwa, na sisi tusiokuwa na pengine pa kwenda tukapandishwa vyombo tukarudi kwetu. Mji niliourudia ulikuwa mali ya wenye bunduki, leo kundi hili, kesho kundi lile. Sisi Wabajuni hatukuwa na kundi wala bunduki, kwa hiyo kila aliyeuteka mji alianza kupora kwetu. Kambini nilikuwa nimefundishwa kompyuta na mwalimu mmoja wa kujitolea, na elimu hiyo ndiyo mzigo pekee niliorudi nao ambao hakuna aliyeweza kuninyang'anya kwenye vizuizi vya wenye bunduki. Habari hiyo ilimfikia Fundi Lali, mtengenezaji wa redio nyuma ya soko la samaki, akatuma niitwe.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mawe, chenye mlango wa mbao nzito na dirisha dogo la juu. Redio zilizofunguliwa matumbo zilijaa rafu tatu, na hewa ya mle ilinuka waya zilizoungua, vumbi na samaki wa jirani. Kazi iliyomlisha siku zile haikuwa tena ya redio. Watu wa visiwani, ambao jamaa zao walikuwa wametawanyika Yemen, Mombasa na Ulaya, walikuwa wakija kwake kurekodi barua za sauti kwenye kanda. Wengi hawakujua kuandika, na hata waliojua waliona karatasi haibebi kilio wala kicheko. Sasa waliokuwa Ulaya walianza kuagiza: huku redio za kanda zimekwisha, tuleteeni CD. Mfanyabiashara mmoja akamletea Fundi kompyuta kutoka Dubai pamoja na mashine ya kuchomea CD. "Mimi nina masikio, wewe una macho," aliniambia siku ya kwanza. "Wewe utanisomea mashine inasema nini. Kama inasema kweli, nitajua mwenyewe kwa kusikiliza."

Umeme ulitoka kwenye jenereta la tajiri mmoja, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Saa tatu hiyohiyo Mama Zuhura, mkewe, alikuwa akituletea sinia ya anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali, iliyolowana chai na mafuta ya simsim, na sote tulikula kwa haraka mkono mmoja ukiwa kwenye kazi. Jirani yetu alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Kila alipogusa chuma taa zetu zilififia, na CD iliyokuwa mashineni iliharibika papo hapo. Fundi hakupata kumpigia kelele. Alikwenda mlangoni kwake na kusema, "Sheikh, tupe dakika kumi," naye jirani alichutama barazani akavuta sigara mpaka tulipogonga ukuta. Mimi nilivaa visikizi masikioni muda wote wa umeme. Nilijua nani Ngumi kamwacha mkewe na nani Darakasi kazaa pacha. Nilisikia mwanamke akimweleza mumewe aliyeko ng'ambo kila ukuta uliobomoka wa nyumba yao, chumba kwa chumba, kama mtu anayemtembeza mgeni. Nikitoka nje mchana nilikutana na watu haohao sokoni wakichagua samaki, nami nikainamisha macho.

Kompyuta ilikuuliza, kabla ya kuchoma, unataka kasi gani: nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, arobaini na nane. Nilichagua kubwa kuliko zote, kama ambavyo kijana yeyote angechagua. Dakika tatu, CD imetoka, ya moto kama mkate. Baada ya wiki chache zikaanza kurudi. Mzee mmoja wa Ngumi aliiweka CD juu ya meza na kusema kwa upole, "Fundi, mwanangu ameirudisha kutoka Mombasa, anasema baba haongei hivi. Hii ina kigugumizi." Niliiweka kwenye kompyuta, ikasoma vizuri, nikasema kosa ni la redio ya mwanawe. Kesho yake Fundi Lali alichukua rekodi moja, akaniambia niichome mara tano, kila mara kwa kasi yake, akaandika namba juu ya kila CD. Kisha akatoa kwenye rafu redio kuukuu ya CD, ambayo jicho lake la kusomea lilikuwa limechoka kwa uzee, akafumba macho na kuzisikiliza zote tano mpaka mwisho. Kazi hiyo ilichukua siku mbili.

Nilitegemea atasema ile ya polepole kuliko zote ndiyo bora. Haikuwa hivyo. Zile CD zetu za bei rahisi zikichomwa kwa kasi ya nne nazo zilitoa mikwaruzo. "Zimetengenezwa ziende," akasema, "ukizichelewesha mno zinakasirika, ukizikimbiza zinasahau." Zenye tumbo la buluu zilitoka safi kwa nane; zenye tumbo la kijani, kwa kumi na sita. Tangu siku ile kila boksi jipya lilijaribiwa, namba ikaandikwa, na kila CD ikasikilizwa kwenye ile redio mbovu kabla haijatoka dukani. "Ikisomwa na hii kipofu," alisema, "itasomwa na yoyote. Na usisikilize mwanzo ukaridhika. CD huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko inakoharibika. Mchu akiwa na neno zito hulisema mwisho." Mchu kwetu ni mtu. Nilimwitikia. Nilifuata alivyosema kila alipokuwa akiniona.

Bi Somoe alikuja kutoka kisiwa cha Kudha asubuhi moja, amevaa buibui lililopauka kwa chumvi, miguu imemvimba hata hakuweza kufunga ndara. Alikuwa na wana wawili, Bakari na Athman. Mwaka uliotangulia wote wawili walikuwa baharini wakivua kamba, wenye bunduki wakawafuata kwa boti wakitaka mashine ya chombo. Bakari alibisha, wakampiga risasi. Athman alijitupa majini akaogelea mpaka mwamba wa kwanza. Maiti ilipofikishwa nyumbani, mama, akiwa amepiga magoti juu ya mkeka, alimwangalia aliye hai akamwambia mbele za watu, "Umemwacha ndugu yako." Wiki ile ile Athman aliondoka, akavuka Kenya, na baada ya miezi mingi ikasikika yuko Ulaya, anahamishwa nyumba hadi nyumba, hana simu, barua zake zinapokelewa na rafiki. Haya yote Bi Somoe aliyasimulia kwa Fundi huku akisubiri umeme, nami nikijifanya sisikii nyuma ya pazia.

Alirekodi zaidi ya saa nzima. Alimsalimia kwa niaba ya kila nyumba ya Kudha, akamtajia waliokufa na waliozaliwa, akamweleza kisima cha juu kimerudi kuwa cha maji matamu. Nilijua anazunguka, na Fundi naye alijua, hakumharakisha. Mwishowe akasema kwa sauti nyingine, ndogo: "Athman, lile neno nililokwambia siku ya maiti, nimelifuta. Hukumwacha ndugu yako. Ungerudi kwake ningezika wawili. Hakuna mchu aliyekosa siku ile ila wale wenye bunduki. Radhi zangu unazo, za tumbo na za maziwa. Kula, ulale." Akajipangusa uso kwa ncha ya buibui, akatuambia, "Basi. Hili sitaweza kulisema tena." Nilimimina rekodi ile ndani ya kompyuta, na kanda ikatumika kwa mtu mwingine siku hiyohiyo, kwa sababu kanda zilikuwa adimu.

Kesho yake Fundi alikwenda mazikoni, akaniachia kazi. Kulikuwa na mama mmoja anayesafiri kwenda Nairobi, ambaye angempa CD ile mtu wa kuivusha Ulaya. Gari lake lilikuwa liondoke saa nane mchana, na ilikuwa saa nne tu. Nataka nilieleze hili vizuri, kwa sababu kwa miaka nimejaribu kujidanganya kwamba nilikuwa na haraka. Sikuwa na haraka. Rafiki yangu Nargisi alikuwa akitiwa hina siku ile, na nilitaka kufika kabla wasichana wengine hawajamaliza kuchagua mapambo. Nilichagua arobaini na nane. CD ilipotoka niliisikiliza dakika mbili za mwanzo kwenye kompyuta, nikasikia "Asalaamu alaikumu, Athman mwanangu," nikaona imetosha. Juu yake niliandika kwa wino: Kudha, nane. Hilo la kuandika namba ya uongo ndilo lililoniumiza zaidi baadaye. Kupitiwa ni jambo moja. Lakini namba ile niliiandika kwa mkono wangu, nikijua.

Miezi minne ikapita. Siku moja niliitwa ofisi ya simu. Yule rafiki wa Athman alikuwa kwenye laini, sauti yake ikija na kukatika. Alisema CD ilifika. Alisema Athman aliisikiliza peke yake, na tangu siku ile hali vizuri wala hazungumzi. "Dada, kuna nini mle?" aliniuliza. "Nimeisikiliza mwenyewe. Mama anasema, lile neno nililokwambia siku ya maiti, halafu ni mikwaruzo mitupu mpaka mwisho. Yeye anasema mama amerudia." Nilishika ile simu hata mwenye ofisi akaniomba niiweke chini. Nje jua lilikuwa kali, watu wanakwenda na hamsini zao. Nilirudi dukani, nikakaa mbele ya mashine, Fundi akaniuliza nani alipiga. Nikasema ni watu wa Mombasa, wanasalimia.

Nilinyamaza siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu mji uliamka na mizinga. Kundi jingine lilikuwa linaingia kutoka upande wa kaskazini, na kufika saa tatu Mama Zuhura alikuwa ameshatangulia ufukweni na watoto na masufuria. Fundi alirudi dukani kuchukua zana zake, nami nikamfuata. Alipokuwa akifunga bisibisi kwenye kitambaa nilimwambia yote, nimesimama: kasi, namba ya uongo, simu, siku mbili za kunyamaza. Alifunga fundo la kitambaa taratibu. "Kwa nini hukuniambia juzi?"

"Niliona haya, Ami."

"Haya huonwa kabla ya kutenda," alisema. "Ukishatenda, sema." Kisha akatega sikio. Jenereta la tajiri lilikuwa bado linanguruma. Mtu wake alikuwa amekimbia bila ya kulizima. Fundi akaketi. "Washa."

Rekodi ilikuwa bado ndani ya kompyuta. Kompyuta yenyewe tusingeweza kuibeba. Kwenye kizuizi cha kwanza wangeichukua, na pengine na sisi. Nilitia CD ya tumbo la buluu, kompyuta ikaniuliza kasi. Milio ilikuwa imefika upande wa bandari, udongo ulikuwa ukidondoka kutoka darini. "Ami, thelathini na mbili," nikamsihi. "Tutoke."

"Nane."

"Wanakuja."

"Nawasikia. Nane, Mwanaheri."

Dakika tisa. Sijawahi kuishi dakika ndefu kuliko zile, wala sijawahi tena kuona mtu ametulia namna ile. Aliketi juu ya kigoda, mikono mapajani, akiitazama taa ndogo ya mashine inavyopepesa. Mimi nilisimama mlangoni. Niliona majirani wakipita na magodoro kichwani, nilimwona yule mchomeleaji akiburuta mbuzi, akatupigia kelele, "Waryaa, nyie, mnangoja nini?" Lori lililokuwa libebe watu wa mtaa wetu liliondoka mbele ya macho yangu. Mashine ilipoitema CD, Fundi hakuniruhusu niitie mfukoni. Aliiweka kwenye ile redio mbovu, akaipeleka mpaka ukingoni, tukasikiliza. Sauti ya Bi Somoe ikatoka safi katikati ya milio: radhi zangu unazo, za tumbo na za maziwa. Kula, ulale. Hapo ndipo aliposimama. Dukani tuliacha kila kitu kingine, na tuliposikia baadaye kwamba duka limechomwa, yeye alisema Alhamdulillahi na kuuliza kama jirani alimpata mbuzi wake.

Tulitembea ufukweni kuelekea kusini mpaka tukawakuta Mama Zuhura na wanawe, na siku ya pili tukapata chombo cha kutuvusha Kudha. CD nilikuwa nimeifunga tumboni kwa kanga, ndani ya gamba la daftari. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Bi Somoe. Alikuwa kitandani, miguu imezidi, nyumba ya chumba kimoja inanukia samaki mkavu na ubani. Nikapiga magoti nikamwambia. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Alisema bila ya kupandisha sauti, "Tangu imfikie, mwanangu analala akijua mamake kamlaani mara mbili. Hilo utalibeba, mwanangu. Mimi siwezi kukubebea." Halafu akamwita dadake, Bi Esha: "Mpeni chakula. Amekonda." Nikala mkate wa mtama na samaki wa kuchoma mbele yake, machozi yakiingia ndani ya sahani, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

CD ilisafiri na mke wa nahodha mmoja mpaka Lamu, kisha Mombasa, kisha sijui mikononi mwa nani. Mimi nilibaki Kudha. Fundi Lali alijenga kibanda upande wa pili wa kijiji, akawa anatengeneza tochi na mashine za boti, wala hakunitajia tena jambo lile. Nilimtekea Bi Somoe maji, nikamkanda miguu. Kila asubuhi aliniuliza, "Imefika?" nami nikamjibu, "Sijui, Bibi." Hakuniuliza kwa kunichoma, aliuliza kama mtu anavyouliza hali ya hewa. Lakini kila mara nililisikia lile jibu langu, na nadhani ni kwa jibu hilo nilikua mtu mzima, kuliko kwa vita vyote nilivyopita. Maradhi ya miguu yakapanda mpaka moyoni. Alifariki siku ya Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, jibu halijaja.

Lilikuja siku chache kabla ya arubaini yake. Athman alikuwa amejua kwamba Kudha hakuna redio ya CD, akatafuta huko aliko mpaka akapata kanda, na kanda ikafika ikiwa imefungwa ndani ya soksi ya sufu. Habari ya msiba ilikuwa bado haijamfikia. Kulikuwa na wanaume waliosema isichezwe, ni kumsumbua maiti. Bi Esha akasema mwenye barua ameletewa barua, na barua husomwa. Tukakusanyika chumbani mwa marehemu, wanawake tisa au kumi juu ya mkeka, kitanda kimesimamishwa ukutani. Fundi Lali alileta redio, akaiweka chini, akabonyeza, akatoka nje akaketi kizingitini, kwa kuwa mle ndani palikuwa pa wanawake.

"Asalaamu alaikumu, mama," ilisema sauti ya kijana, karibu kabisa, kama yuko nyuma ya mlango. Kisha akanyamaza, kama tunavyofanya kwetu tunaporekodi, kumwachia anayesikiliza nafasi ya kuitikia. Kanda ikazunguka. Bi Esha akaisogelea redio.

"Waalaikumu salaam, mwanangu," akasema.

"Hujambo, mama?" Akanyamaza tena. Safari hii wanawake wawili watatu waliitikia pamoja, sijambo, na mmoja akafunika uso kwa kanga. Akaeleza anakaa na watu wa Chula, kuna baridi, amepata kazi ya kufagia. Akasema ile ya kwanza ilikuwa imekatika, akadhani ndivyo, akatamani bahari ingemchukua pamoja na Bakari. "Lakini hii ya pili nimeisikia yote, mama. Nimeisikia mpaka mwisho. Radhi zako nimezipokea. Nimekula, na nimelala." Tukasikia akivuta pumzi, gari likipita mahali fulani nje ya dirisha lake. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayepapasa gizani:

"Mama, umenisikia?"

Nafasi ile ilikuwa ndefu. Bi Esha akanigeukia mimi. Wanawake wote wakanigeukia.

"Tumekusikia," nikasema. "Tumekusikia, Athman."